Sakafu Moja kwa Dunia Nzima

Port Augusta, Australia Kusini
12 Septemba 1999

Mama Wakana,

Kabla hujauliza: ninakula. Kuna pai ya nyama asubuhi, pai ya nyama mchana, na Jumapili kuna pai ileile iliyopakwa viazi juu. Mchele niliobeba uliisha mwezi uliopita. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama maegesho, na hapo maegeshoni kuna gari zetu tatu za Sorano zilizofunikwa maturubai. Hata nikifunga pazia najua zipo.

Sorano ya kwanza unaikumbuka, tuliipanda wote watatu kwenda kwa mama yako. Tuliwatengenezea vijana wa kwetu waliotaka kuonekana wapanda milima huku wakienda kununua mboga. Fupi, imeinuka, tairi la spea limefungwa kwenye mlango wa nyuma. Hatukutegemea dunia iipende. Sasa imeipenda, na kila mtu anaitaka kwa namna yake. Wamarekani wanataka viti vipana na mahali pa kuweka vikombe. Nimehesabu, vikombe tisa kwa abiria watano. Wajerumani wanataka ikimbie mia na themanini bila kutikisika. Waingereza wanataka mlango wa nyuma ufunguke kwenda juu, maana ule wa kufungukia pembeni unagonga gari la jirani. Basi Sorano mpya imerefushwa, imeshushwa, imelainishwa mashavu, na tairi la spea limetolewa mlangoni likatiwa chini ya sakafu ya buti.

Hapo ndipo penye ugomvi. Sakafu ni moja kwa dunia nzima, inapigwa kwa kalibu moja ya chuma kiwandani, na shimo lake ni la kina kifupi. Halimezi tairi kamili. Linaingia lile jembamba la dharura, la kukusogeza mpaka gereji. Kwetu Numazu gereji iko mtaa wa pili. Huku iko kilomita mia mbili, na njia yote ni changarawe na vijituta vinavyolegeza hata meno. Nimelijaribu tairi hilo mara tisa, likapasuka mara sita.

Bwana Noack, fundi matairi wa hapa, alinikuta nalishusha. Akalizunguka, akavua kofia. "Kaka," akasema, "na baiskeli yenyewe umeiacha wapi?"

Ripoti yangu itasema hivi: spea kamili, au gari lisiuzwe huku. Mkuu wangu, Bwana Komuro, hatafurahi. Ndiyo maana mhuri wangu wa ofisini, ulio sawa na saini yangu, sikuuacha kwenye droo ya meza kama wenzangu. Unaijua desturi yetu, mtu akisafiri mwenzake anamgongea karatasi ili kazi isilale. Kwa karatasi za likizo sina neno. Kwa hii, hapana. Mhuri umo ndani ya kopo lako la sindano, chini ya nyuzi. Usimpe mtu.

Hati ya idhini ikishapita na mihuri yote, kazi yangu huku imekwisha, narudi. Kama si mtihani wa Wakana mngekuwa hapa mnakula pai pamoja nami. Mwambie asome.

Kunihiko


Numazu, Nyumba za Kampuni, Jengo B
3 Oktoba 1999

Baba Wakana,

Umeandika kurasa mbili za tairi na mstari mmoja wa mtoto. Nimemsomea mtoto mstari wake. Akasema, "Mwambie nasoma," akarudi kusoma.

Kweli anasoma. Akitoka shule anakwenda tuisheni, wali wake anaulia kwenye treni. Kila Jumapili wana mtihani wa majaribio, na huko tuisheni wanakalishwa kwa alama: wenye akili mbele, wengine wanatazama visogo. Yeye sasa yuko safu ya pili. Akiingia shule ile ya wasichana ni miaka sita bila mtihani mwingine wa kuingia popote. Huwa namtazama akiwa ameinama mezani natamani kumwambia aache, tukale aiskrimu. Simwambii.

Jengoni tuko vilevile, wakubwa juu, sisi chini, na maji ya Mama Komuro wa ghorofa ya nne yakishuka tunajua amemaliza kuoga. Juzi alishuka mwenyewe na peasi sita. Hakuna mtu anayepewa peasi sita bure katika jengo hili.

"Mama Orita, pole na upweke," alisema akiwa mlangoni, viatu hajavua. "Mume wangu anasema Bwana Orita ana bidii mno. Angekuwa na bidii ya kawaida tu, saa hizi angekuwa anakunywa chai hapa."

Nikamwambia asante kwa peasi. Ulitaka nimwambie nini? Mumewe ndiye mkuu wako wa sehemu, na mlango huu ni wa kampuni, na hata msumari wa kutundikia kalenda niliomba ruhusa kuupiga.

Na simu usipige kwa mambo ya kazi. Mara ya mwisho ulipopiga, kesho yake Mama Sugeno wa ukuta wa pili akaniuliza kama jino lako limepoa.

Kopo la sindano nimeliona. Nimelipandisha juu ya kabati. Wewe rudi tu. Sisemi habari za ripoti, nasema wewe.

Kimie


Port Augusta
24 Oktoba 1999

Mama Wakana,

Ripoti nimeituma, kurasa arobaini na moja na picha. Bwana Komuro amejibu kwa faksi, mstari mmoja: "Tafadhali lifikirie tena kwa moyo mpana." Baadaye akapiga simu, sauti yake ya upole ile ya kuogopesha. "Orita, katika kila Sorano mia tutakazouza, Australia itanunua nne. Unataka nikate kalibu nyingine kwa ajili ya nne?" Nikamjibu kwamba kwenye hizo nne kutakuwa na watu. Kisha akaniuliza hali ya hewa.

Wiki iliyopita nilichelewa kidogo barabarani. Tairi lilipasuka, lile jembamba nalo likalifuata, nikasubiri mtu apite. Akapita. Shingo imeungua na jua, si kitu. Bwana Noack amenipa kofia kuukuu ya mkwewe. Anasema nikiivaa nafanana na mtu aliyeshindwa kesi.

Usihangaike. Msalimie Wakana, mwambie safu ya kwanza iko karibu.

Kunihiko


Numazu
15 Novemba 1999

Baba Wakana,

Baridi imeanza. Nimeitoa ile meza ya chini yenye joto na blanketi lake, Wakana anasomea hapo mpaka miguu inakuwa myekundu. Amepanda safu ya kwanza. Hakufurahi kama nilivyofikiri. Aliniuliza, "Nikifaulu Baba atarudi?" Nikamwambia Baba atarudi hata hivyo. Akasema, "Basi mtihani ni wa nini?" Nikamwambia amalize chenza lake.

Nakufumia sweta. Mama Komuro anasema huko ni joto, nikamwambia nafuma la kuvaa akirudi. Akafurahi kupita kiasi.

Sugeno, mwenzako wa ofisini, alipita kutusalimia Jumamosi. Alikaa dakika kumi, chai hakumaliza. Amekonda.

Usijisumbue sana na yale ya Komuro. Mambo yanaweza kujipanga yenyewe. Unarudi, utaona.

Kimie


Numazu, Ofisi ya Usanifu
26 Novemba 1999

Orita, ndugu yangu,

Hongera! Hati ya idhini ya Sorano imepita jana, masoko yote, sakafu moja. Wengine hapa walikuwa hawajui umekwisha kulegeza msimamo, wakashangaa. Mimi sikushangaa. Tuliingia kazini siku moja, tukalala bweni moja, najua moyo wako uko wapi. Uko kwa mkeo na mwanao.

Mhuri wako niliugonga kwa heshima zote. Nimeuinamisha kidogo upande wa kushoto, uliko ule wa Bwana Komuro, kama mtu anayempigia mkubwa wake magoti. Aliuona akacheka, akasema, "Hata akiwa Australia Orita ana adabu."

Tiketi yako ni ya tarehe ishirini na sita Machi. Aprili utakuwa nyumbani maua yakichanua. Tutakunywa. Usinichukie, Orita. Nilikuwa nafanya lililokuwa jema kwako.

Sugeno


Port Augusta
6 Desemba 1999

Kimie,

Nimeisoma barua ya Sugeno mara tano. Mhuri wangu umo kwenye hati. Umegongwa, na umeinamishwa. Kwa mujibu wa karatasi ile mimi ndiye niliyelijaribu tairi nikaliona linafaa, kisha nikainama.

Mhuri ulikuwa kwenye kopo lako juu ya kabati. Naomba uniambie alikudanganya. Niambie alikuja akasema nimempigia simu nikamruhusu, au amenitumia faksi, au chochote. Niambie hivyo nami nitajua la kumfanya.

Sasa nikwambie kitu nilichokuficha. Siku ile niliyosema nilichelewa kidogo, sikuchelewa kidogo. Ilikuwa kilomita mia na arobaini kutoka mji wowote. Tairi la nyuma lilikatwa na jiwe. Nikalifunga lile jembamba, likaenda kilomita kumi na nane, nalo likafumuka. Redio ilikuwa haishiki. Nilikuwa na lita nne za maji, na joto lilikuwa nyuzi arobaini na mbili. Nilikaa chini ya gari tangu asubuhi hadi jua linashuka, maji yakaisha, nikayafungua yale ya kuoshea kioo nikayanywa. Yana sabuni. Niliyatapika, nikayanywa tena. Nilikuwa nimeshaanza kuwaandikia ninyi nyuma ya fomu ya majaribio. Mama mmoja wa shamba la kondoo, anaitwa Lorna Heidrich, alikuwa anazunguka kukagua visima vyake, akaona gari lisilotimua vumbi. Alinishika miguu akanivuta kutoka chini ya gari. Alisema, "Nani kakupa kigari hiki bila spea, mwanangu? Mkweo?"

Fomu ile ninayo. Siitumi.

Kuna baba mwingine atainunua Sorano hii kwa sababu tangazo litamwonyesha jangwa, atawapakia watoto nyuma, na atakwenda barabara ileile. Jina langu liko chini ya sakafu anayokanyaga. Nijibu.

Kunihiko


Numazu
18 Desemba 1999

Baba Wakana,

Hakunidanganya. Nilimpa.

Alikuja Jumamosi ile, akakaa pale ulipozoea kukaa wewe, akasema, "Mama Orita, droo yake haina mhuri." Akasema bila huo mhuri karatasi haiendi, na karatasi isipokwenda Orita harudi, Bwana Komuro amesema wazi, atakaa huko mpaka akubali. "Mwaka, miwili, mimi sijui." Nikapanda kwenye kiti, nikashusha kopo, nikatoa mhuri chini ya nyuzi nikamfutia vumbi kwa aproni yangu. Nilimfutia vumbi, Kunihiko. Jumatatu akaurudisha.

Na ningempa kumi kama unayo kumi. Unajua ni nini kukaa hapa? Nikinunua samaki mmoja badala ya watatu, ngazi nzima inajua mume wangu hayupo. Nikicheka wanasema nimezoea. Nisipocheka wanasema nina kiburi kama mume wangu. Nimechoka kulala katikati ya kitanda. Nilikutaka wewe, na tairi lilikuwa tairi tu, kwa sababu wewe uliniambia shingo imeungua na jua, si kitu!

Ungeniambia ule ukweli Oktoba, Sugeno angeondoka na peasi, si mhuri. Ulinificha ili nisiogope. Nami nikakuficha ili usikasirike. Tumetendeana wema, tazama tulipofika.

Sijui sasa nifanye nini. Niambie.

Kimie


Port Augusta
27 Desemba 1999

Kimie,

Barua yako nimeipata. Sina hasira nawe. Nilikuwa nayo siku mbili, ikaisha.

Nimemwandikia Bwana Komuro mara tatu kwamba mhuri ule si mkono wangu, na mara tatu nimechana. Nikisema, Sugeno anafukuzwa, ana watoto watatu na nyumba ni ya kampuni. Nikisema, wewe unakuwa mke aliyegawa mhuri wa mumewe, na utaishi na neno hilo kwenye ngazi zile kila siku unapotoka kutupa taka. Nikinyamaza, ninarudi Machi. Kila upande ninaogeukia kuna mtu wangu amesimama.

Kwa hiyo nanyamaza. Nimemwambia Bwana Noack. Hakunicheka. Alisema, "Sasa wewe unataka nikwambie nini, kaka? Nenda kwa mkeo." Kisha akaenda kufunga tairi la lori, na mpaka jioni hakunisemesha.

Nitakuja Machi. Usifanye lolote.

Kunihiko


Numazu
29 Desemba 1999

Baba Wakana,

Hukunijibu upesi, au barua iko njiani, sikungoja. Nimeshafanya. Soma taratibu.

Jana ilikuwa usafi wa kufunga mwaka, majengo yote matatu. Unaujua, wanawake wote chini na mafagio, kuanzia mke wa mkuu mpaka mke wa kijana aliyeajiriwa mwaka huu, na anayekosa anajadiliwa mpaka Machi. Sisi wa Jengo B tulipewa mtaro. Mama Komuro alikuwa na fagio jipya kabisa, lebo bado.

"Mama Orita una raha mwaka huu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Machi mume huyo. Si nilikwambia angelegea?"

Mama Sugeno akadakia, "Atarudi anaongea kikondoo."

Wakacheka. Mimi nilikuwa na ndoo ya matope mkononi. Nikaiweka chini. Nilijua nikiinyanyua tena bila kusema, sitasema maisha yangu yote.

"Hajalegea," nikasema. "Mhuri ule hakuugonga yeye. Ulikuwa kwenye kopo langu la sindano. Mimi ndiye niliyeutoa ukaenda ofisini, yeye hakujua, na alipojua karibu aumwe. Yeye alikataa, na mpaka leo anakataa. Tairi hilo lilimwacha jangwani akanywa maji ya kuoshea kioo."

Mama Komuro akang'oa lebo ya fagio lake.

"Mama Orita," akasema Mama Komuro polepole, "hayo ni mambo ya ofisini."

"Ndiyo, dada. Ndiyo maana nayasema hapa, ofisini siruhusiwi kuingia."

Yule mama mzee wa Jengo C, mke wa mhasibu, akauliza, "Hayo maji ya kioo yana sabuni?"

"Yana."

"Masikini. Ya rangi ya bluu au ya kijani?"

"Sijui, mama. Sikumuuliza."

Mama Sugeno alikuwa mweupe kama wali. Jina la mumewe sikulitaja, wala sitalitaja. Nimesema ni mimi na nitaendelea kusema ni mimi. Kisha nikanyanyua ndoo yangu nikaenda kuimwaga, na niliporudi walikuwa wamesogea upande mmoja wote na mimi upande wangu peke yangu, nikausafisha mtaro wote uliobaki. Ulisafishika vizuri.

Nikaingia ndani. Wakana alikuwa dirishani, dirisha wazi. Sijui alisikia kiasi gani.

Nikasirikie ukitaka. Lakini wewe usingeweza kulisema, kwa ajili yangu. Basi nimelisema mimi, kwa ajili yako.

Kimie


Port Augusta
20 Januari 2000

Kimie,

Barua zetu zilipishana njiani. Yangu inasema usifanye lolote, yako inasema umeshafanya. Nashukuru posta kwa uzembe wake.

Ulichokifanya kimefanya kazi, na sijui kama umeshaambiwa. Wake arobaini waliwaambia waume arobaini, na mmoja wao yuko ukaguzi. Tarehe tano Januari, siku ya kwanza ya kazi, hati ilirudishwa mezani. Kila mwenye mhuri kwenye karatasi ile aliuwazia wa kwake: siku mtu akifia jangwani, na ikajulikana mhuri mmoja haukugongwa na mwenyewe, wataulizwa wote. Aliyekuwa mbele kuomba jambo liangaliwe upya ni Bwana Komuro mwenyewe. Sasa ni rasmi. Sorano za Australia zitakatiwa kalibu yao, sakafu yenye shimo la kina, spea kamili. Buti litakuwa juu kidogo, Waingereza wangelalamika. Nilimwambia Bwana Noack akanyanyua jeki juu kama kombe. "Mkeo," akasema, "mlete hapa nimwone, huyo ni mtu."

Nimefurahi, Kimie. Nilitaka ulijue hilo kwanza.

La pili ni hili. Tiketi ya Machi imefutwa. Nimepata barua ya uteuzi, imeandikwa kwa maneno mazuri sana, nami nimeinakili neno kwa neno: "Kwa kuwa hakuna anayelijua soko la Australia kuliko Bwana Orita, kampuni inamkabidhi heshima ya kulisimamia hukohuko kwa miaka mitatu." Hapana pa kukataa. Mtu hakatai heshima. Barua inaruhusu familia kuja, nyumba ipo, nauli ipo. Lakini Wakana ana mtihani wiki mbili zijazo, na akiingia shule ile ni miaka sita, na huwezi kumwacha. Ametoa utoto wake wote kwa ajili ya kiti kile. Sitamwomba akiache, wala wewe usimwombe. Usimwambie habari ya miaka mitatu mpaka amalize. Afanye mtihani moyo ukiwa mweupe.

Basi tutakaa hivi. Nitakuja likizo ya mwaka mpya. Sweta nitumie kwa meli, huku Julai kuna baridi.

Maji yalikuwa ya bluu. Mwambie yule mama.

Kunihiko


Numazu
9 Februari 2000

Baba,

Mama amekuandikia jana kwamba nimefeli mtihani. Anasema ni kosa lake, kwa sababu ya maneno ya jengoni, anadhani yalinivuruga na sikulala. Nililala vizuri. Nilikula na mayai.

Lugha na sayansi nilifanya zote. Hesabu ilikuwa na maswali makubwa manne. La kwanza tangi la maji na mabomba mawili, la pili eneo la umbo, la tatu watu wawili wanaozunguka bwawa, la nne namba. Niliyajua yote. Nilifanya mawili, nikayahakiki, kisha nikaweka penseli mezani na mikono mapajani mpaka kengele ikalia. Zilikuwa dakika ishirini na sita. Msimamizi alipita mara mbili, mara ya pili alinitazama kwa huruma. Ilikuwa vigumu zaidi kuliko maswali.

Barua zako zote nimezisoma, Mama anaziweka chini ya magazeti. Ya Septemba umeandika kama si mtihani wangu tungekuwa huko. Ya Januari umeandika miaka mitatu na kwamba nisiambiwe. Kwa hiyo nilijua kitu kinachotufunga hapa ni mimi. Sasa si mimi tena. Nimetafuta Port Augusta kwenye atlasi ya maktaba. Ni mji mdogo lakini shule lazima ipo.

Mama analia akiosha vyombo, nikimwangalia anasema ni sabuni. Nilitaka kumwambia. Lakini nikimwambia leo atanipeleka kwenye mtihani wa shule nyingine tarehe kumi na mbili, nao itanibidi niufeli tena, na sijui kama nitaweza mara mbili. Nitamwambia tukiwa ndani ya ndege, mkanda ukiwa umefungwa.

Tafadhali mwandikie tuje. Mwambie ni wazo lako.

Mimi usinijibu, Baba. Sanduku la barua hulifungua Mama.

Wakana